Hodi ya Kambi

Jiwe la timbo lilikuwa linatoka jasho. Ilikuwa Januari, jua la saa nne linachoma, mvua haijaonekana tangu Novemba, na bado ule ukuta mweupe ambao Kambi alikuwa akiukata kabla ya kufa ulikuwa unachuruzika maji. Fondo aliupapasa, akanusa vidole. Vilinuka udi. Akavifuta kwenye suruali, akanyamaza, maana kunyamaza alikujua kuliko kazi yoyote.

Ilikuwa siku ya kwanza ya kazi baada ya mazishi. Wanaume kumi na mmoja walikaa chini ya turubai, na Kache, mpishi wao, akawagawia mahamri na mbaazi. Mkono wake kwa mazoea ukajaza sahani ya kumi na mbili. Alipotambua ni ya nani, akalia waziwazi. Kambi alikuwa mtu wa kuliliwa. Miaka ishirini na mbili aliendesha mashine ya kukata mawe hapo Junju na hakuna mtu wake aliyepoteza hata ukucha. Akikuona una pupa alikuambia, "Polepole, mwanangu, jiwe halina haraka." Ukifiwa, yeye ndiye aliyefika wa kwanza na jembe lake begani. Kanisani aliimba vibaya kwa sauti kubwa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

"Na ile hodi yake je?" mmoja akauliza, wote wakacheka huku wanafuta macho. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, Kambi aligonga ukuta kwa nyundo mara tatu, akasema, "Hodi, wenyewe. Ni Kambi." Walidhani ni mzaha wa mzee.

Fondo, msaidizi wake wa mashine, hakucheka. Yeye aliambiwa. "Humu mna mwenyewe," Kambi alimwambia, wiki moja kabla ya moyo kumsimama usingizini. "Hataki kafara, anataka adabu. Nikifa, bisha wewe, kwa jina lako. Lakini ukishabisha umekuwa mgeni wake, na siku usipokwenda, atakufuata yeye." Fondo aliitikia. Asubuhi hii aliishika nyundo, kisha akaiweka chini. Aliogopa, basi. Tusimtafutie sababu nyingine.

Aliyeinuka ni Katana, mumewe Kache. Katana alikuwa mtani wa Kambi, na mtani ana ruhusa yake: kwenye matanga alivaa shati la marehemu akamwiga anavyotembea, hata mjane akacheka. Sasa akavaa gambuti za Kambi zilizokuwa zinaning'inia msumarini, akalitokeza tumbo, akaokota nyundo.

"Katana, wacha," Fondo alinong'ona.

"Mwache, bwana, tumkumbuke mtu wetu," wakamkemea.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Katana aligonga mara tatu, na kwa sauti ya Kambi, ile yenye mkwaruzo wa tumbaku, akasema, "Hodi, wenyewe. Ni Kambi."

Jiwe likajibu, taratibu, "Kambi amekufa."

Katana aligeuka akitabasamu, damu inamtoka puani, akampiga nyundo ya taya mtu aliyekuwa karibu naye, na meno yakamwagika juu ya vumbi jeupe. Jenereta ikanguruma bila kuguswa, msumeno ukaanza kuzunguka kwenye reli yake, na Katana akawapita mmoja mmoja akiwaita kwa majina ya utani ambayo Kambi peke yake aliwapa, huyu akimponda goti, yule akimbamiza kichwa ukutani mpaka jasho la jiwe likageuka jekundu, na alipomfikia Fondo akaushika mkono wake, akauweka juu ya paja, akauvunja kama mtu avunjaye kuni, huku akimbembeleza, "Polepole, mwanangu, jiwe halina haraka." Kisha akalala chali kwenye reli, shingo mbele ya msumeno unaokuja.

Kache alimvuta miguu. Hakusogea hata inchi.

"Kaka Fondo, wewe unajua kitu! Nimekuona usoni! Sema!"

Fondo akasema yote aliyoambiwa na Kambi.

"Basi bisha! Mume wangu anakufa!"

Midomo ya Fondo ilicheza, sauti haikutoka. Msumeno ukafika kwenye sikio la Katana, ukalikata, na Kache akaiokota nyundo akagonga mara tatu.

"Hodi! Mimi ni Kache, na huyo ni mume wangu!"

"Karibu, Kache," jiwe likasema, na mashine ikazima.

Mganga aliyeitwa kesho yake alifika ukingoni mwa timbo, akanusa, akageuza pikipiki yake bila salamu. Kwa hiyo Kache alibisha kila asubuhi, hata Jumapili, miezi mitatu, na ukuta haukuacha kutoka jasho. Katana alipona akiwa na sikio moja, hakukumbuka kitu. Mawe yakakatwa, hakuna aliyeumia tena.

Kisha malaria ikamwangusha Kache. Alfajiri alimpigia Fondo simu, akinong'ona kwa homa. "Kaka, leo nibishie. Kwa jina lako. Nakuomba."

"Nitakwenda, dada. Lala."

Alikwenda. Alisimama mbele ya ukuta na nyundo katika mkono wake mzima, akafungua kinywa, na meno yakagongana. Siku moja tu, alijiambia, siku moja haina neno. Akaketi chini ya turubai akiona haya.

Adhuhuri alitazama ukuta. Ulikuwa mkavu kabisa; mwenyewe alikuwa ametoka.

Fondo alikimbia. Alipita mashamba ya mahindi, akakata njia kwenye mikorosho, mkono uliovunjika unamuuma kwa kila hatua, na harufu ya udi ikimtangulia njia nzima mpaka uani kwa Katana, ambako hakukuwa na mtu, mbele ya mlango hakukuwa na mtu, na bado mlango ukagongwa mara tatu.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni. Ilikuwa sauti ya Fondo mwenyewe, tulivu, isiyotetemeka hata kidogo. "Ni mimi, Fondo."

Fondo alifungua kinywa apige kelele. Hakikutoka kitu.

"Karibu, kaka," Katana akaitika kutoka ndani. "Pita tu, mgonjwa amelala."