Kisu Kisichotiwa Mpini

Kisu cha mwisho hakikuwa na mpini, na jambo hilo lilimkera Bingwa kuliko kifo cha baba yake.

Jina la Bingwa alijipa mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kutambua visu vilivyofuliwa kwa mkono: umletee kisu, akigonge bapa kwa ukucha, asikilize, akuambie ni cha mhunzi gani na kama ni halisi au cha kuigiza. Alikuwa anajua kweli, tusimnyime haki yake. Ila ujuzi ulimpanda kichwani mpaka akamwona kila asiyejua chuma kuwa mzigo wa dunia, akiwemo dada yake mdogo, aliyebaki nyumbani kumuuguza mzee wakati yeye bwana mkubwa ana shughuli.

Mzee aliacha chumba kizima cha visu. Bingwa alikuja na kioo chake cha kukuzia, akavishusha ukutani, akavipanga mezani na kuanza kuvitukana kimoja kimoja.

"Hiki cha kukatia vitunguu. Hiki aliyekifua alikuwa amelewa. Na hiki, hata mbuzi akikiona atacheka."

Dada alikuwa amesimama mlangoni. "Kaka, hicho kilichofungwa kitambaa, baba alisema..."

"Baba alisema mengi. Niletee chai."

Aliporudi na chai, kitambaa kilikuwa kimeshafunguliwa. Ndani mlikuwa na bapa jeusi, zuri ajabu, na ile sehemu nyembamba ya kuingia kwenye mpini ikiwa tupu. Lilinuka mkaa, utadhani limetoka motoni asubuhi hiyo.

"Baba alisema kisitiwe mpini," dada akasema haraka, asije akakatizwa tena. "Kina mwenyewe, na si mtu. Bila mpini hana pa kukishikia. Baba aliniapisha, Kaka."

Bingwa alicheka mpaka chai ikamwagika. Mzee wao, akasema, alikuwa bwege. Aliuziwa kazi nusu, akapewa na hadithi ya majini ya kumfumba mdomo. Akang'oa mpini wa kisu cha vitunguu, akauchomeka kwenye bapa jeusi, akaugongelea kwa nyundo ya mbao. Ukakaa barabara. Dada akageuza uso. Sikio la kufa halisikii dawa.

Chai haijapoa, chumba kikaanza kufukuta. Harufu ya mkaa ikageuka ya nywele zinazoungua. Kisha kisu kikainuka mezani, polepole, kikaning'inia hewani kikipanda na kushuka kidogo, kama mtu anapopima uzito mkononi. 

"Ung'oe," dada akanong'ona. "Kaka, una nguvu kunishinda. Ung'oe mpini!"

Bingwa akanyoosha mkono, maana aibu nayo inasukuma, akaugusa mpini, na juu ya mpini akakuta vidole vingine, virefu, vya moto, vilivyoacha kukishika kisu vikaanza kumpapasa kiganja chake taratibu, kidole kwa kidole, ndipo akapiga ukelele na kukurupuka, akaangusha meza, akamsukumia ndani dada yake aliyekuwa mlangoni, akatoka, akaubamiza mlango na kuzungusha ufunguo kwa nje. Hakukusudia kumfungia dada yake. Hakumkumbuka tu.

Ndani visu vilimwagika. Dada alipiga yowe akimwita baba. Kitu cha mbao kikapasuka.

"Kaka, fungua." Sauti ya dada, inatweta. "Nimekipata kisu, lakini ananikaba. Fungua!"

Bingwa akaushika ufunguo.

"Kaka, usifungue!" Sauti ileile, upande wa pili wa mlango uleule. "Huyo si mimi! Ukimtoa, umetumaliza sote."

"Muongo! Kaka, nakufa!"

"Ni mimi ninayekufa, Kaka!"

Akatega sikio kwenye ubao. Kutambua halisi na bandia ndiyo kazi iliyompa kiburi maisha yake yote, na sauti zile zilifanana mpaka kwikwi. Akili ikamjia, akajipongeza hata katika hofu ile.

"Nyamazeni!" akasema. "Aliye dada yangu aniambie, tangu utotoni anaogopa nini?"

"Radi," ikalia sauti ya kwanza.

"Giza," ikalia ya pili.

Bingwa alisimama, akapekua kichwa chake chote, akarudi nyuma miaka yote waliyolala chini ya paa moja, na humo mote hakumkuta dada yake isipokuwa analeta chai.

"Kaka," zikamwita zote mbili. Kisha moja ikaanza kufifia, ikiita bado, na yeye hakujua ni ipi.