Korongo Wawili wa Kwenye Kadi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufua sare zake, Kijino alimshika babu yake mkono wakaenda bwawani, nyuma ya kiwanda cha matofali. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu ya pengo lake la mbele. Babu alikuwa fundi pampu hapo bwawani mpaka alipostaafu, na kwa miaka kumi na tisa alihesabu ndege wa majini na kupeleka hesabu kwa kadi kwenye ofisi ya utafiti wa ndege. Ofisi hiyo ilipokea kadi kutoka nchi nyingi za bara, ikachora ramani ya kuonyesha kila ndege anaishi wapi na anahamia wapi. Sasa macho ya babu yalikuwa yameingia ukungu. Kijino, wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa macho yake.

"Kitendawili!" alisema babu walipoketi kwenye ukuta wa pampu.

"Tega!"

"Ana taji kichwani, lakini hana raia."

"Korongo taji! Babu, hicho si ulikitega wiki iliyopita?"

"Na wiki ijayo nitakitega tena. Haya, wako wangapi leo?"

Kijino alitazama. Maji yalikuwa yamebaki dimbwi la rangi ya chai. Bata watatu, kunguru, mifuko ya plastiki. Korongo taji, hata wa dawa hakuna. Hiyo ilikuwa wiki ya tano. Wiki ya kwanza alimwambia babu ukweli, na mzee wa watu hakugusa chakula siku mbili.

"Wawili," alisema. "Wamesimama kwenye matete."

Uso wa babu ukakunjuka. Kijino akaandika 2 kwenye kadi, kama alivyofanya wiki tatu zilizotangulia. Nyumbani shangazi yake, fundi cherehani, akaipiga picha kwa simu na kuituma bila kuuliza neno.

Jumamosi iliyofuata walimkuta mwanamke bwawani, amevaa buti, darubini shingoni.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni mtaalamu kutoka ofisi ya ndege."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana!"

"Nimesafiri siku mbili kuwaona korongo wenu. Upande huu wote tunaletewa sifuri. Mmebaki ninyi tu."

Babu alifunga vifungo vya koti kama anayepigwa picha. Wakangoja mpaka jua likawa utosini.

"Ajabu," alisema mtaalamu. "Mwalimu mmoja wa kusini, mbali sana, ametuandikia mara tatu kwamba korongo taji saba wametua kwenye kinamasi cha kwao. Hawakuwahi kuonekana huko. Tukamjibu hao ni wapita njia tu, maana kwao ni hapa na hapa bado wapo. Sasa kinamasi kinakaushwa palimwe, nasi hatukumtetea."

Kijino akaangua kilio. "Hawapo! Niliandika uongo. Wiki zote hizi hawapo."

Babu akamgeukia. "Na wale wa kwenye matete?"

"Matete yalishakatwa, babu."

Mzee akashuka ukutani, akanyoosha fimbo yake pale ambapo zamani maji yalifika magotini. Ikagonga udongo mkavu. Akagonga tena mbele zaidi. Mkavu.

Mtaalamu alikuwa amekunja uso. "Mtoto, umetufanya tutazame pasipo na kitu." Akatoa kadi nne mpya, akamsimamia Kijino mpaka akaandika 0 katika kila moja kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akampigia simu yule mwalimu wa kusini, akamwahidi kukitetea kinamasi.

Baada ya siku tisa ujumbe wa ofisi ya ndege uliingia kwenye simu ya shangazi. Uchimbaji wa mitaro ya kukausha kinamasi umesimamishwa, lakini nusu ya kinamasi imekwisha kukauka. Katika wale saba, wamebaki wanne. Kwenye ramani nukta yao imewekwa kusini. Ya bwawa la babu imefutwa.

Shangazi aliusoma ujumbe kwa sauti. Babu akamwita Kijino, akamketisha karibu.

"Mjukuu wangu, nilikufundisha kuhesabu ndege. Sikukufundisha kwamba asipokuwepo hata mmoja, hiyo nayo ni hesabu. Kosa hilo ni langu. Ukiandika hayupo, watu watamtafuta alikokwenda, watamlinda. Ukiandika yupo, hakuna atakayejisumbua. Najua ulitaka kunifurahisha. Lakini umenifanya nicheke pale ukutani huku bwawa langu linakufa, wala sikupata hata kulililia. Ukimpenda mtu, mwambie kweli, kisha kaa naye."

"Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe. Sasa nieleze bwawa lilivyo. Usinifiche."

Kijino akaeleza yote: nyufa za udongo, visiki vya matete, mifuko ya plastiki, mabomba ya pampu yaliyoliwa na kutu. Babu alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtiririka, na Kijino hakuondoka ubavuni pake.