Mluzi wa Fundi Redio

Rafiki yangu mmoja, fundi redio, alishinda kutwa akiunda kimashine cha kutoa mlio: chipu moja, betri, spika, na kitufe ambacho ukikizungusha mlio unapanda au unashuka. Hakikutoa hata mkwaruzo. Umeme ukakatika, akawasha tochi huku akifoka, ndipo alipoona kwamba chipu ameipachika kinyumenyume.

"Yaani siku nzima!" Akang'oa betri, akachomoa na chipu, akavifumbata vyote mkononi.

Spika ikaanza kupiga mluzi mwembamba.

"Afadhali, baba watoto, kimekubali!" mkewe akapaza sauti toka jikoni. "Ila kishushe, masikio yananiuma."

Betri na chipu vilikuwa bado mkononi mwake. Akamulika mezani. Kitufe kilikuwa kinazunguka chenyewe, polepole, na mluzi unashuka.