Fundo Kavu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mama hajakalia cherehani, Sindano alifagia chumba cha kushonea. Jina hilo alipewa na wateja wa mama kwa wembamba wake, naye hakulichukia. Vipande vya vitambaa alivitia kwenye gunia. Nyuzi zilizobaki zilikuwa zake, na mama alijua zinakokwenda.

Zilikwenda bwawani. Mjomba wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alimyeyushia risasi, ile metali laini na nzito, na kuimimina kwenye shingo ya ndoano ndogo, ikaganda ikawa kichwa kisichozidi punje ya haragwe. Sindano alikizungushia nyuzi mpaka kikapata mwili na mkia. Yeye na rafiki yake waliviita vidudu. Unakidondosha kidudu majini kwa mshipi mwembamba, unakiacha kiguse chini, unakirusha juu kidogo, kisha unakituliza. Samaki wawindaji, wale wanaokula samaki wenzao, hudhani ni kisamaki kilichoumia. Kinaporuka hukitazama tu, na kinapotulia hukivamia.

Rafiki huyo aliitwa Tosha, kwa sababu tangu utotoni hakuna aliyewahi kumsikia akisema chakula kimetosha. Nyumba zao zilitazamana, shuleni walikaa dawati moja, na fimbo yao ya kuvulia ilikuwa moja. Sindano alitengeneza vidudu na kufunga mafundo. Tosha alirusha, maana mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Pia walikuwa na siri: kona moja karibu na bomba kuukuu, walikojificha samaki wakubwa. Waliapa kutomwambia mtu.

Muhula ule, mlinzi wa bwawa, mama mmoja mnene ambaye watoto walimwita Mama Bwawa, alitangaza shindano la kuvua la watoto wawili wawili. Washindi wangeruhusiwa kuvua kwenye ukuta wa ndani, penye kina kirefu, mwaka mzima. Watoto walikuwa wamekatazwa kabisa kukanyaga pale, na Sindano alikuwa akiutamani ukuta ule tangu alipojua kushika fimbo.

Jioni ya kuamkia shindano, Tosha alimwomba kisanduku cha vidudu. "Niachie nilale nacho," alisema. "Nataka kuvipanga vizuri."

Sindano akampa bila kusita.

Asubuhi alimsubiri mlangoni mpaka akachoka. Alipobisha nyumbani kwao, aliambiwa Tosha ameshatangulia. Akakimbia hadi bwawani. Akamkuta amesimama na Miwani, mvulana wa darasa la juu ambaye hakuvua miwani yake ya jua hata mvua iliponyesha. Tosha alikuwa ameshika fimbo mpya yenye gurudumu linalong'aa. Kisanduku kilikuwa wazi miguuni pao.

"Tosha, mbona hukunipitia?"

Tosha aliangalia viatu vyake. "Miwani amesema nikivua naye nitatumia fimbo yake."

"Na mimi je?"

"Wewe kazi yako si kutengeneza tu? Anayerusha ni mimi."

"Basi nipe kisanduku changu."

"Chako?" Miwani aliuliza. "Mwenzio kaniambia ni chake."

Sindano alimtazama Tosha, akingoja aseme neno. Tosha hakusema. Ule ukimya ulimuuma kuliko yote aliyokwisha kuyasikia.

Alikwenda kwa Mama Bwawa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzako yuko wapi?"

"Sina mwenzangu."

"Basi pole, mwanangu. Shindano hili ni la wawili wawili."

Sindano akaketi kwenye ngazi za mawe, macho yamemjaa machozi. Filimbi ilipolia, Tosha alimwongoza Miwani moja kwa moja hadi kwenye bomba kuukuu. Kwa hiyo hata siri yao ilikuwa imeshatolewa.

Kutoka pale alipokaa aliwaona vizuri. Tosha alichagua kidudu cha zambarau, kile bora kuliko vyote, akakifunga. Mshipi mwembamba una masharti yake: kabla ya kukaza fundo, unalilowesha kwa mate, la sivyo msuguano unauunguza. Sindano alifanya hivyo kila mara, haraka haraka, huku Tosha akipiga soga bila kuangalia. Sasa Tosha alivuta fundo likiwa kavu. Neno lilimfika Sindano kwenye ulimi, akalimeza. Alijiambia kwamba yeye si mwenzake tena.

Haukupita muda, fimbo mpya ikapinda. Watu wakakusanyika. Samaki aliibuka mara moja, mgongo wake mpana ukionekana, kisha akazama kwa nguvu. Mshipi ukakatika.

Sindano alifurahi. Furaha hiyo haikudumu, kwani alikumbuka kwamba samaki ameondoka na ndoano mdomoni, na kwamba neno lake moja lingemwokoa.

Mama Bwawa aliushika mshipi uliokatika. Ncha yake ilikuwa imejikunja kama unywele ulioungua. "Nani kafunga hapa?"

"Mimi," Tosha alisema.

"Na hivi vidudu vizuri, nani katengeneza?"

"Mimi."

"Hongera. Hebu funga kingine nione."

Tosha alifunga, tena bila mate. Mama Bwawa alivuta kidogo tu, fundo likakatika. "Aliyezungusha nyuzi hizi ana subira," alisema taratibu. "Mtu wa namna hiyo hafungi hivi. Nakuuliza tena."

Tosha akaanza kulia. "Ni vya Sindano. Na kona hii ni yetu, mimi na yeye."

Miwani alivua miwani yake kwa mara ya kwanza. "Uliniambia ni vyako," alisema. Akachukua fimbo yake akaenda zake. Ukuta wa ndani ulikwenda kwa dada wawili wadogo waliovua kwa minyoo, na ambao kila walipopata samaki walikimbia wakimwogopa.

Nyumbani, Sindano alimsimulia mama yote, hata lile neno alilolimeza. Mama aliacha kukanyaga cherehani.

"Umesalitiwa, mwanangu, na inauma. Sitakudanganya kwamba haiumi. Hilo la kunyamaza nalo lina uchungu wake, na naona umeshauonja." Kisha akainua sauti kidogo. "Tosha, ingia. Utasimama hapo mlangoni mpaka lini?"

Tosha aliingia amekumbatia kisanduku. "Nisamehe," alisema. "Niliitamani ile fimbo mpaka nikakusahau."

Mama akamgeukia Sindano. "Mshipi ukiungua, unafanyaje?"

"Nakata palipoungua, nafunga upya."

"Unabaki na urefu uleule?"

"Hapana. Unapungua."

"Ndivyo ilivyo. Uongo umekula sehemu ya urafiki wenu, na sehemu hiyo hairudi. Iliyobaki, wewe ndiye utakayeamua kuifunga au kuitupa. Na wewe, Tosha, usitake kuaminiwa leo kama ulivyoaminiwa jana. Sema kweli kila siku, hata katika mambo madogo, mpaka mwenzako aache kukutilia shaka."

Cherehani ikaanza kulia tena. Sindano akachukua ile fimbo yao ya zamani iliyoegemezwa ukutani, akavuta mshipi, akachagua kidudu kisandukuni. Vyote viwili akamkabidhi Tosha.

"Funga wewe," alisema, bila kutabasamu. "Tia mate kwanza."

Tosha akatia mate, akavuta polepole. Sindano akalijaribu fundo kwa vidole vyake, akalivuta tena kwa nguvu zaidi. Lilishika.

"Jumamosi tutakwenda," alisema, akakifunika kisanduku na kukiweka mapajani mwake. "Ila hiki kitalala kwangu."