Mwito wa Kwanza

Jua lilikuwa linazama Gerishom aliposhuka basi Satwa, simu mkononi, roho juu. Alikuwa askari wa bohari moja kule Al Quoz, Dubai, mtu wa Vihiga, Kenya, mwenye mwili wa kuegemeza lori na moyo wa mtoto mchanga. Ukitaka kumwona akilegea, mtajie mamaake.

Shida ilikuwa maiki. Tangu wiki iliyopita aliwasikia watu wote kwenye simu, lakini wao hawakumsikia. Msimamizi wake alishafoka kwamba askari analala kazini. Kwa mama mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana mama hakujua kusoma, na kisimu chake cha tochi kilikuwa cha kupiga na kupokea tu. Ujumbe wa kuandika haungemfaa kitu. Siku za kwanza alisema halo, halo, kisha akakata.

Halafu, jana, hakusema halo.

Alianza kuongea. Alicheka. Alijibu maswali ambayo Gerishom hakuyauliza... Gerishom alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na bado akamsikia mamaake akisema kwa furaha, "Sawa, Asava. Kesho jioni nitakungoja."

Asava lilikuwa jina lake la nyumbani, alilorithi kwa babu. Duniani hakuna aliyelitumia ila mama.

Ndiyo maana alikuwa hapa. Kesho hiyo ilikuwa leo, na lazima apate sauti ya kumwambia mama asimfungulie mtu.

Fundi aliitwa Bassam, mzaliwa wa Dubai ambaye wazee wake walitoka Unguja. Kibanda chake kilinuka risasi ya kuchomelea na chai ya maziwa. Hakuwa na haraka. Alivua kava, akaizima simu na kuiwasha, akakisugua kitundu cha chini kwa mswaki mkavu. Akatazama ruhusa za programu moja moja. Hakuna iliyokuwa imefungwa. Mwisho akafungua kinasa sauti.

"Sema kitu, kaka."

Gerishom akataja jina lake. Mstari kwenye kioo ulilala.

Akalitaja tena kwa nguvu, hata muuza vitambaa wa jirani akachungulia. Mstari ulilala vilevile.

Bassam akakohoa. Mstari ukaruka.

Fundi akaitazama simu, kisha akamtazama mteja. Akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, akaisogeza karibu na mdomo wa Gerishom, akamwambia ahesabu. Gerishom alihesabu mpaka kumi. Kwenye simu hiyo pia mstari ulilala.

"Maiki nzima," Bassam alinong'ona. "Kaka... kuna mtu alikuita, ukamwitikia?"

Gerishom akakumbuka.

Ilikuwa wiki ile iliyopita, magharibi, kati ya makontena. Ghafla pale penye vumbi na dizeli pakanuka udongo uliolowa na moshi wa kuni, harufu ya jikoni kwao. Kisha sauti ikaita kutoka nyuma. Asava... Mara moja tu. Kwao kila mtoto anajua kwamba giza likiingia, mwito wa kwanza haujibiwi. Anayekutaka kwa heri atakuita tena. Mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha, na kofi juu yake. Lakini Dubai aliitwa "security". Kwa Wahindi alikuwa "bhai", yaani kaka. Kwa Waarabu alikuwa "yalla, wewe", yaani haya, fanya haraka. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amelitamka jina lile mbele yake, na furaha ikaiwahi akili.

"Niko hapa, mama," alijibu.

Hapakuwa na mtu. Wahenga walisema upweke ni uvundo, ila hawakusema ni nani anayeufuata.

Nje ya kibanda adhana ilikuwa imekwisha. Vihiga jua lilikuwa linashuka sasa hivi. Gerishom akapiga simu ya mama, akaweka spika, akamwomba Bassam amsemee.

"Shikamoo, mama. Mimi ni fundi, nipo na mwanao hapa Dubai. Anasema usifungue mlango."

Kuku mmoja alilia mbali.

"Kumbe ni wewe," mama akasema polepole. "Asava aliniambia. Alisema mgeni atanipigia kwa simu yake, anidanganye."

Gerishom akaikwapua simu. Akalia, akasema mama ni mimi, akataja kofi lile, akataja kovu la goti lake. Bassam alisikia kila neno.

"Umenyamaza sasa," mama akasema.

Ndipo ikaja. Kutoka upande wa pili wa simu, mbali, nje ya nyumba ya mama. Kwanza kikohozi kidogo, kile ambacho Gerishom hukohoa kabla ya kuongea. Kisha sauti yake mwenyewe.

"Mama..."

Mara moja.

Ngoja, Gerishom aliomba moyoni, ameishika meza kwa mikono miwili. Ulinifundisha wewe. Ngoja ya pili.

Mama alingoja. Walimsikia akipumua. Lakini naye alikuwa peke yake, kwenye nyumba ya mabati mapya aliyojengewa na mwana asiyekuja, na jioni zake zilikuwa ndefu kama za mwanawe.

"Niko hapa, mwanangu," akaitika.

Komeo likalia. Simu ikakatika.

Kesho yake Bassam alimpigia Hesbon, jirani wa kule nyumbani, naye akaenda kumwangalia mama. Alimkuta mama mzima, amechangamka, anachambua maharagwe mlangoni. Akampigia Gerishom, akampa mama simu. Gerishom alisikia upepo, akasikia kuku, akasikia maharagwe yakidondoka kwenye sufuria. Hakusikia neno la mama hata moja.

Hesbon akarudi kwenye simu kwa hasira. "Mbona humjibu mamako? Anakuongelesha muda wote huu."

Bassam alimshauri aombe kuhamishiwa bohari nyingine. Hajaomba. Kila magharibi, kati ya makontena, udongo unanuka mvua, na sauti ya mamaake inamwita kwa jina la nyumbani. Inaita mara moja. Gerishom huuma ukosi wa shati lake la kazi akingoja ya pili, na ya pili haijawahi kuja.

Sauti ya mama haipatikani kwingine.