Seli Zilizokataa Giza

Cheka, meno ni yako. Wewe usiyeamini majini ndiye unayelala taa ikiwaka. Nyamaza usikie ya Msomi, binti wa maabara, halafu ucheke tena ukiweza.

Kazi yake ilikuwa kuijaribu dawa ya kupimia seli, iitwayo kingamwili. Dawa hiyo hutafuta kimeng'enya kimoja tu, kile kinachochoma sukari ndani ya seli. Ikikipata huking'ang'ania kama kupe, na chini ya hadubini hung'aa kijani. Seli zilizoondolewa kimeng'enya hicho hazina budi kubaki giza. Zikiwaka, dawa haina ukweli.

Ziliwaka.

Mkuu wa maabara alikuwa amekwisha kumsifu mbele za watu. Msomi akaona haya kurudi nyuma. Akakifuta kijani kile kwenye kompyuta, picha ikawa nyeusi tii, na watafiti wenzake wakaanza kuitumia dawa. Si wamemwamini?

Tangu hapo chumba cha hadubini, kisicho na dirisha, kikanuka sukari iliyoungua. Akikaa, mtu anapumua nyuma ya shingo yake, akigeuka, hakuna, akirudisha jicho, kijani kimetoka kwenye kioo, kimepanda mezani, kimeshuka kitini, kimeshika vidole vyake vilevile vilivyofuta picha, akavisugua kwa sabuni mpaka vikachubuka na bado vikawaka, akavificha mfukoni kama mwizi wa sokoni huku ile pumzi ikimcheka sikioni.

Akamleta mama yake mkubwa, mganga. Mganga akanusa tu.

"Umeficha nini humu?"

"Sijaficha kitu, Mama Mkubwa," akanong'ona. Kijani kikapanda kiwikoni. "Mtoe, nakuomba!"

"Nimtoe vipi, nawe unamlisha? Jini huyu chakula chake uongo. Sema ulichofanya, atatoka. Usiposema, mtazikwa pamoja."

Mlango ukagongwa. "Binti!" Ni Mkuu. "Wageni wamekuja kuona picha zako. Mambo safi?"

Msomi akafumbua mdomo. Uso ukamchoma kwa aibu, machozi yakamtoka.

"Safi, Mkuu."

Kijani kikamfika kooni. Nyuma ya shingo, pumzi ikatulia, kama ya mtu aliyeshiba.

Mganga akachukua mkoba wake, akatoka.

"Yuko peke yake humo?" Mkuu akauliza.

"Muulize mwenyewe. Mimi nimewaacha wawili," akasema mganga, akaufunga mlango.