Barua kwa Wateja Thelathini na Mmoja

Chiriku hakuwa na simu yake mwenyewe. Hakuwa na dada wa kugombana naye, hakuwa na chumba cha peke yake, wala subira ya kukumbuka mambo mawili wakati moja lilitosha. Mdomo alikuwa nao, ndiyo maana mjomba wake alimbandika jina hilo.

Mama yake na mjomba waliendesha kampuni ndogo ya kuhifadhi tovuti. Kompyuta moja kubwa, iitwayo seva, ilibeba tovuti za wateja thelathini na mmoja: fundi viatu, shule ya chekechea, zahanati inayoandikisha miadi ya wagonjwa. Kila siku baada ya masomo Chiriku alipandisha picha za wateja. Mama alimwamini hata akampa neno la siri la seva.

Alhamisi moja aliwakuta Mama na mjomba wamesimama mbele ya seva. Kila tovuti ilionyesha matusi. Mdukuzi alikuwa ameingia.

Mama alichomoa waya wa mtandao, lakini umeme hakuuzima. "Tukizima tutafuta nyayo za mwizi," alisema.

"Dada, nakala ya akiba ya jana ipo," mjomba alisema. "Turudishe tovuti, tunyamaze. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Kombe lenyewe si letu, mdogo wangu. Majina ya wagonjwa yamo humo. Na bila kujua aliingilia wapi, kesho atarudi na gunia."

Mjomba alipekua kumbukumbu za seva. "Hajavunja kitu. Kaingia jana asubuhi kwa neno la siri, kama mwenye nyumba." Akageuka. "We Chiriku, mbona kimya? Umemeza ulimi?"

Chiriku alijua. Jumatatu, mchezo wa chemshabongo wa mtandaoni alioupenda ulikuwa umetangaza kwamba maneno ya siri ya wachezaji yameibwa, wayabadilishe. Alilifunga tangazo akaendelea kucheza. Neno lake la mchezo lilikuwa lilelile la seva, na alikuwa amejisajili kwa barua pepe ya kampuni. Akisema, Mama hatamwamini tena.

Simu ililia. Ilikuwa ya muuguzi wa zahanati. "Wagonjwa wamejaa hapa, sijui nani aanze. Mtafungua lini?"

"Bado tunatafuta, dada," Mama alijibu.

"Mama, msitafute," Chiriku alisema. "Ni mimi." Akaeleza yote, mpaka lile tangazo.

Mama alimgeukia. "Kwenye seva hutaingia tena mpaka nitakaporidhika. Lakini umetuonyesha mlango. Asante."

Kazi ikawa na mwelekeo. Nakala ya Jumatano ilikuwa imeshaguswa na mwizi, kwa hiyo waliisafisha seva na kutumia ya Jumanne. Kila neno la siri la kampuni lilibadilishwa. Jumamosi mchana tovuti zote zilikuwa hewani.

"Sasa tuwaarifu wateja," Mama alisema. "Zahanati niliwapigia juzi ileile, lakini kila mmoja anastahili maandishi. Barua pepe zetu zilipita kwenye seva hiyohiyo. Watajuaje ni sisi, si mwizi? Tutaandika kwa karatasi, tutie sahihi na mhuri."

"Watatukimbia, dada."

"Wengine watakimbia. Kuibiwa kunaweza kumpata yeyote. Kumnyima mwenye mali habari ya mali yake, hilo mtu hulichagua mwenyewe. Mchezo wa Chiriku ulimwambia ukweli, yeye ndiye aliyepuuza. Na sisi tuwaambie wetu, wabadilishe maneno yao ya siri mapema."

Barua ilieleza siku mwizi alipoingia, alichoweza kuona, kilichofanyika na anachopaswa kufanya mteja. Sababu iliandikwa: uzembe wetu.

"Mbona hukuniandika mimi, Mama?"

"Ufunguo nilikupa mimi, wala sikukufundisha kuutunza. Wewe umekiri kwangu, mimi nakiri kwao. Neno moja la siri, mlango mmoja, mwanangu. Na ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijamfikia asiyehusika."

Chiriku aliandika anwani thelathini na moja kwa mkono. Bahasha ya zahanati ilikuwa ya mwisho. Alilamba gundi, akaikandamiza kwa kiganja, akavuka barabara hadi posta na kuzitumbukiza zote sandukuni.